Ujira wa Aliyetuchekesha



Wapendwa wasomaji wetu, juma lililopita tulikuwa safarini kutoka Dar es Salaam kurudi Same. Tulipokwisha kuipita Mombo, milima ikiwa upande wetu wa kuume na nyika ya Mkomazi ikianza kujitandaza, kijana wa basi alichomeka kifaa chake kwenye runinga iliyo juu ya kiti cha dereva, na mara akatokea King Majuto. Ulikuwa mchezo wa zamani, picha zimechakaa, sauti inakwaruza. Hata hivyo basi zima liliamka. Waliokuwa wamelala walifumbua macho. Mtoto mmoja alisimama juu ya kiti ili aone vizuri. Mzee aliyekuwa amenuna tangu Chalinze akaanza kutikisika mabega. Tulicheka hadi Hedaru.

Kisha mama mmoja mzee, aliyeketi jirani yetu na kikapu chake mapajani, akajifuta machozi ya kicheko kwa ncha ya kanga, akauliza: "Baba, huyu si ni marehemu?" Tukamjibu, "Naam, mama, ni marehemu." Akanyamaza kidogo, kisha akauliza tena: "Na sisi tunaocheka hapa, watoto wake wanapata chochote?"

Hatukuwa na jibu. Tangu siku hiyo swali hilo halijatuacha, na ndilo tunalowaletea juma hili.

Marehemu huyo jina lake halisi lilikuwa Amri Athuman, mwana wa Tanga, aliyezaliwa mwaka 1948. Alianza kuigiza jukwaani mwaka 1958, akiwa mtoto wa miaka tisa hivi, nchi ikingali Tanganyika chini ya Mwingereza. Kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa ile ya jukwaa: kupanda, kutazama watu usoni, kusema neno moja na kulisubiri lifike. Baadaye alikuwa miongoni mwa wachekeshaji wa jukwaa wa kwanza hapa kwetu waliohamia kwenye kanda za video, kisha kwenye diski, kisha kwenye runinga na matangazo ya biashara. Alifariki dunia tarehe 8 Agosti 2018 katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, akazikwa kwao Tanga. Alikuwa Mwislamu, na katika nyumba nyingi za Wakristo huku milimani alihesabiwa kama mjomba wa familia.

Ili tuelewe swali la yule mama, yafaa tukumbuke alikotoka. Kizazi cha leo hukutana na mchekeshaji kwenye simu. Wazazi wao walikutana naye ukumbini. Katika miaka ya 1980 na 1990 vikundi vya sanaa vilizunguka nchi nzima. Muungano Cultural Troupe ya Norbert Chenga ilikuwa kimoja. Tanzania One Theatre, iliyoanzishwa mwaka 1992 na kuongozwa na Kapteni John Komba, ikawa mshindani wake mkubwa. Onyesho la usiku mmoja lilikusanya kila kitu: ngoma, sarakasi, kichekesho, mchezo wa kuigiza, taarabu, kisha dansi. Mtu alilipa kiingilio, akaketi saa nne au tano. Bara hapakuwa na kituo cha runinga mpaka mwaka 1994, basi ukumbi ndio uliokuwa dirisha la watu. Kichekesho kilikuwa katikati ya onyesho kama chumvi katika mchuzi. Watu walimwita mchekeshaji chale, neno ambalo masikio yetu husikia ndani yake jina la Charlie Chaplin, yule mtoto maskini wa London aliyetoka katika kumbi za vichekesho vya Uingereza, akaingia katika sinema mwaka 1914, akatambulika duniani kote kwa kofia na fimbo yake.

Jambo moja la ukumbi tusilisahau: malipo yalikuwa ya usiku huohuo. Mtazamaji aliyefurahi aliinuka, akaenda kumtunza msanii kwa noti mkononi au akaibandika kwenye paji la uso. Kicheko na shukrani vilikuwa na umbali wa hatua kumi. Kikundi kiliporudi kesho yake, kililipwa tena, kwa sababu kazi ilifanywa tena.

Mambo hubadilika pale sauti na sura vinapotiwa katika chombo. Sisi watu wa milima hii si wageni wa jambo hilo. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, jirani zetu kabisa, mradi uliojulikana kwa jina la Bantu Educational Kinema Experiment ulitengeneza sinema fupi zipatazo 35. Walioigiza wengi walikuwa Waafrika, na maneno yalinakiliwa kwenye santuri kwa Kiswahili na lugha nyingine, kisha yakasafirishwa kwa lori pamoja na picha. Miaka ya mwanzo ya 1950 Rashidi Mfaume Kawawa, ambaye baadaye akawa Waziri Mkuu, aliigiza katika sinema ya Muhogo Mchungu. Mwaka 1993 Redio Tanzania ilianza mchezo wa Twende na Wakati, na sauti ya Mkwaju, dereva wa lori, ikaingia katika majiko ya nchi nzima kuonya juu ya UKIMWI. Nasi tulio kando ya barabara kuu ya malori tulijua vema anasemwa nani. Mwaka 2011 tamthilia ya Kichina ya Doudou na Mama Wakwe Zake ilirushwa na TBC ikiwa imetiwa sauti za Kiswahili. Bibi aliyeketi Gonja akamsikia mama mkwe wa Beijing akigomba kama mama mkwe wa Gonja. Hiyo nayo ni kazi ya mwigizaji, ingawa sura yake hatuioni.

Tazameni sasa mabadiliko hayo yanafanya nini kwa ujira. Mchekeshaji wa jukwaani akilala mgonjwa, onyesho halipo. Kila mtu anamkosa. Mchekeshaji wa kanda akilala mgonjwa, onyesho linaendelea. Sura yake inauza bidhaa dukani, sauti yake inaita wateja redioni, basi zima linacheka kutoka Mombo hadi Hedaru, naye yuko kitandani anahesabu bei ya dawa. Kazi aliyoifanya kwa siku moja inaweza kuzaa faida miaka kumi. Kwa hiyo swali la haki si tena "amelipwa leo?" tu. Ni "amekubaliana nini kuhusu kesho?"

Mwaka 2018, Majuto akiwa mgonjwa, swali hilo lilitoka hadharani. Ilielezwa kwamba baadhi ya mikataba yake ya matangazo haikumtendea haki, na Waziri wa Habari, Utamaduni, Sanaa na Michezo wa wakati huo, Dk. Harrison Mwakyembe, aliunda kamati ya kupitia mikataba ya wasanii. Wananchi na wasanii wenzake walichanga; alipelekwa India kwa matibabu; alirudi, na hakukaa sana. Miaka minne kabla yake, mwezi Juni 2014, tulimpoteza Said Ngamba, Mzee Small, aliyetuchekesha kwa kimo chake na ulimi wake, baada ya kuugua kwa muda mrefu. Mwezi Julai 2015 ndugu zetu wa Kenya walimzika Benson Wanjau, ambaye Afrika Mashariki yote ilimjua kwa jina la Mzee Ojwang wa Vitimbi. Huyo naye, katika uzee wake, aliwahi kuchangiwa ili atibiwe macho.

Hatusemi kwamba watu hawa watatu walidhulumiwa kwa namna moja, wala hatuna mamlaka ya kumhukumu mtu. Tunaona tu kwamba njia ilifanana: jukwaa, runinga, umaarufu, ugonjwa, mchango. Mchango ni tendo jema, na waliochanga Mungu awabariki. Lakini mchango hauwezi kuchukua nafasi ya haki. Mtu aliyefanya kazi miaka 60 hapaswi kuingia hospitali kwa mlango wa huruma ikiwa ulikuwapo mlango wa ujira wake.

Wakulima wetu wa tangawizi wa Mamba Miamba wanaijua lumbesa. Gunia linajazwa mpaka mdomoni, kisha linashonewa kilemba juu, na bei inabaki ya gunia moja. Kuna mikataba ya lumbesa pia. Msanii anaambiwa: tangazo moja, fedha hizi, tia sahihi hapa. Hakuandikiwa tangazo litatumika kwa miezi mingapi. Hakuandikiwa kama ni redio peke yake, au na runinga, na mabango, na simu. Hakuandikiwa kama ni Tanzania tu au na nchi jirani. Hakuandikiwa kama amezuiwa kuwafanyia kazi wengine, na kwa kipindi gani, na fidia ya kuzuiwa huko ni ipi. Hakuandikiwa kwamba muda ukiisha watakaa tena mezani. Kila palipoachwa wazi pameshonewa kilemba. Wala sheria haikukosekana: tangu mwaka 1999 tunayo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, na ipo COSOTA ya kuisimamia. Hakimiliki ni ya aliyetunga; hakishiriki humlinda pia yule aliyeigiza au kuimba. Neno hilo la pili wangapi kati yetu tumewahi kulitamka nyumbani?

Hapa turuhusuni tucheke kidogo, maana tunajua mnachotusubiri nacho. Ni nani katika Tanzania hii asiyejua utani juu ya Wapare? Wachekeshaji wameula mkate wao kwa jina letu. Husemwa kwamba Mpare atauza ng'ombe ili apate fedha za kuendesha kesi ya kuku. Husemwa kwamba hatuli deni la mtu na hatusamehi deni letu, na kwamba kabla ya kukopesha jembe tunataka shahidi. Watani wetu Wachaga hawajachoka kuyasema hayo, nasi hatujachoka kuyasikia.

Lakini tuutazame utani huo kwa upande wake wa pili. Mwaka 1945 wazee wetu waliteremka kutoka milimani kwa maelfu, wakaja kukaa hapa Same, kwenye makao ya wilaya, kupinga kodi ya mbiru. Hawakuwa wakikataa kulipa kodi. Walichokataa ni kupimiwa mali zao kwa kipimo wasichokielewa, na kutozwa kiasi ambacho hakuna aliyeweza kuwaeleza kilifikiwaje. Walitaka hesabu iwe wazi. Mgogoro uliendelea miaka miwili, na mwishowe kodi ile ikaondolewa. Basi, tabia hiyo tunayochekwa kwayo, ya kuuliza "imeandikwa wapi? nani alishuhudia? umehesabuje?", ndiyo hasa iliyopungua mezani pale msanii alipowekewa karatasi. Waliotuchekesha kwa kutuigiza sisi, laiti wangetuiga kweli siku ya kutia sahihi!

Haitoshi kuwanyoshea kidole wenye viwanda na makampuni. Tuanze na nyumba yetu wenyewe, maana hapo ndipo swali la yule mama lilipotuuma.

Mwaka jana parokiani kwetu tulikuwa na sherehe. Tulimkodi mwenye turubai, tukamlipa. Tulimkodi mwenye viti, tukamlipa, na alipodai viti viwili vilivyovunjika tukamlipa tena. Mpishi alilipwa. Mwenye vipaza sauti alilipwa nusu kabla hajafunga waya hata mmoja, kwa sababu bila nusu hafungi. Kisha alikuja kijana mmoja wa huku milimani, mchekeshaji, na mwenzake mmoja. Walivaa koti kubwa na kofia iliyotoboka, wakatuigiza sisi mapadre na wazee wa kanisa, hata tukashika mbavu. Bila wao watu wangeondoka mara baada ya pilau. Ilipofika jioni kijana akatufuata kwa adabu, akasema, "Baba, naomba basi hata nauli." Nasi, mbele ya watu, tukamshika bega tukamwambia: "Mungu atakulipa, mwanangu."

Mungu atakulipa! Neno takatifu, nasi tulilitumia kama mfuniko wa sufuria tupu. Kwa mwenye turubai hatukuthubutu kulisema. Tulilisema kwa yule ambaye kazi yake haikuacha kitu cha kushikika uwanjani, ila watu waliokwenda nyumbani wepesi kuliko walivyokuja.

Wako watakaotujibu kwamba kipaji ni zawadi ya Mungu, hivyo kitolewe bure. Na nguvu za mpishi zilitoka kwa nani? Kila tunacholipia duniani kina zawadi ya Mungu ndani yake. Hatulipi zawadi, tunalipa jasho na muda. Msanii akiamua mwenyewe kujitolea, hiyo ni sadaka yake, na sadaka huamuliwa na mwenye kutoa, kamwe si na mwenye kupokea. Wako watakaosema kwamba msanii alitia sahihi kwa hiari yake. Ni kweli, na makubaliano yana heshima yake. Lakini mwenye njaa anayesomewa karatasi ndefu kwa lugha ya wanasheria, akiwa peke yake, hiari yake ni nyembamba, na anayejua hivyo kisha akaharakisha kalamu hawezi kujitetea kwa sahihi tu. Wako pia watakaosema sisi ni maskini. Hilo nalo ni kweli. Ndiyo maana kijana yule hakuomba milioni, aliomba nauli.

Kanisa halina sababu ya kuidharau kazi hii. Papa Yohane Paulo wa Pili alikuwa mwigizaji katika ujana wake, katika kikundi cha siri kilichoanzishwa Kraków mwaka 1941 wakati wa vita, na mwaka 1999 aliwaandikia wasanii wa dunia nzima barua ya heshima. Na mafundisho yetu, yakifuata onyo la Mtume Yakobo, huhesabu kuzuia ujira wa mfanyakazi miongoni mwa dhambi zinazolia mbinguni. Hatujaona popote palipoandikwa kwamba mfanyakazi huyo lazima awe na jembe mkononi.

Basi tunapendekeza mambo machache, yanayowezekana hapa kwetu. Kwanza, kila jumuiya, kwaya au kamati ya sherehe itakayomwalika mchekeshaji, mshereheshaji au mpiga ngoma, imwandike katika bajeti mapema, kwenye mstari uleule wa turubai na viti, na bei ikubaliwe kabla ya siku. Pili, tuache kunakili kazi za wasanii na kuzigawa kama karanga. Afadhali tununue moja halali kuliko kumi za wizi. Wenye mabasi na wenye vibanda vya video nao wamo katika neno hili. Tatu, tunao waumini wanasheria na walimu waliostaafu. Tunawaomba watenge jioni moja kwa mwezi, wawasomee vijana wetu mikataba kabla hawajatia sahihi, hata kama ni tangazo la redio la nusu dakika. Mzazi asimwache mwanawe aende peke yake kutia sahihi, kama asivyomwacha aende peke yake kupeleka posa.

Haya hayatamrudisha Amri Athuman, na swali la yule mama kuhusu watoto wake bado hatujalijibu. Watakaolijibu ni wenye mikataba yake, mbele ya dhamiri zao na mbele ya sheria. Sisi tulikuwa na deni dogo zaidi, na lililo karibu.

Jumatatu tulipanda kwenda kumtafuta yule kijana. Tulimkuta shambani, akipalilia tangawizi ya mama yake. Tulimwomba radhi, tukampa bahasha. Aliifungua palepale mbele yetu, akahesabu noti moja moja kwa sauti, kama inavyotupasa sisi Wapare. Kisha akatutazama kwa uso ule wa jukwaani, akasema, "Baba, asante sana. Sasa tuandikiane." Mama yake akaenda ndani kuleta daftari na kalamu, akawa ndiye shahidi.

Tumeandikiana. Nakala yetu ipo ofisini, na anayetaka kuiona aje.

Tuwatakieni juma lenye baraka. Mungu awape kicheko, na awape moyo wa kukilipia.